Sauti ya Nne ya Wimbo wa Taa

Dubai

Dada Paskalina,

Shikamoo dada. Naijua kawaida yako: barua ikifika, macho yanakimbilia kwanza chini kutafuta kama kuna msiba. Usihangaike, hakuna. Mimi ni mzima, nakula, nalala, na kazi ya ulinzi bado ninayo. Joto tu ndilo linatuchemsha huku, na nikiwaza ule ukungu wa Nambis asubuhi, mnapotoka na makoti kwenda kukamua, nawaonea wivu kabisa.

Na ninyi je? Nyonga ya Mama bado inamsumbua, au zile dawa za hospitali ya Haydom zimemsaidia? Mwambie asiende kliniki siku ya mnada, basi linajaa na vijana wa siku hizi hawapishi wazee. Shemeji ameshavuna vitunguu saumu? Na yule ng'ombe wa pembe moja ambaye Baba alikataa kumuuza, bado anapiga watu mateke? Niandikie yote, hata unayoyaona madogo. Habari kubwa nazisikia kwenye simu, lakini za ng'ombe hakuna anayenipa.

Barua hii anakuja nayo Hamisi, mtoto wa Mzee Ramadhani mwenye duka Mbulu mjini. Anaendesha lori la maji huku, amepata likizo. Nimemwambia asiiache kwa mtu sokoni, aje mpaka nyumbani akukabidhi mkononi. Amebeba pia kimashine kidogo cha kurekodi sauti. Hicho si zawadi, dada, na wapwa zangu wasikichezee. Kina kazi, na kazi yenyewe ni yako wewe, lakini ili unielewe lazima nianzie mbali. Vumilia.

Unakikumbuka kibaraza cha Mzee Ramadhani, pale Baba alipokuwa anashonea. Wewe ulikuwa unakuja siku za soko tu, kwa hiyo mengine huyajui. Ilikuwa miaka ile mitumba ilipofunguliwa, na Baba aliyekuwa anashona suti za harusi akabaki kupunguza suruali za Wazungu. Alikuwa anajipima kiuno cha suruali moja, kinamzunguka mara mbili, anasema, "Hivi hawa watu wanakula nini?" Watu wanacheka, na yeye anacheka nao, ila jioni tukirudi nyumbani alikuwa haongei sana.

Lori lililoleta marobota ya mitumba ndilo lililoleta jenereta, televisheni na ile mashine ya gemu. Mzee Ramadhani aliweka nguo mbele na gemu chumba cha nyuma, Hamisi akawa msimamizi wa zamu. Kati ya chumba kile na cherehani cha Baba palikuwa na ukuta wa mabanzi tu. Kila kilichopigwa ndani, Baba alikisikia.

Gemu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa na mzee mfupi ameshika taa. Anavuka milima na mito, anakwepa majoka, na kabla giza halijamkuta anatakiwa awe amefika kwenye kibanda chake. Maandishi yalikuwa ya kwao huko, hakuna aliyeyasoma, tukaiita Mzee wa Taa. Sheria ya Hamisi ilikuwa moja: huruhusiwi kumpa mwenzako pedi ya kuchezea mpaka umemrudisha mzee nyumbani. Akiwa kibandani anakaa kwenye kigoda, taa mezani, na wimbo mfupi unapigwa, unaisha, unaanza tena. Sasa wewe unajua vijana wa Mbulu wanavyobishana. Nani zamu yake, nani hajalipa, nani amedhulumiwa. Muda wote huo mzee yuko kwenye kigoda na wimbo unazunguka. Ndiyo maana Baba hakuujua wimbo wa majoka wala wa mto. Alijua huo mmoja wa kufika nyumbani.

Siku moja akasimamisha cherehani, akaniita. "Emanueli, huyo anayeimba humo ndani, wenzake wako wapi?"

Nikamwambia, "Baba, siyo mtu. Ni mashine."

"Hata kama ni mashine. Ina sauti ya kwanza, ina ya pili. Chini hakuna kitu. Nani amewafundisha kuimba hivyo?"

Unamjua Baba na ile kwaya aliyokuwa anaifundisha. Ukimwekea wimbo usio na sauti ya nne, ile nene ya chini, ni kama umemwekea ugali bila mboga, anauangalia tu. Akarudi kwenye cherehani, akakanyaga pedali polepole mpaka mguu ukaenda sawa na wimbo, halafu akaanza kuijaza nne mwenyewe. Kwanza kwa mdomo uliofungwa. Baadaye akawa anatoa sauti kabisa, ile nene yake inayotoka kifuani, na mabanzi yanatetemeka. Ikawa mazoea. Mzee wa Taa akikaribia kibanda, Hamisi anapiga ukuta na kusema, "Mwalimu, tunaingia," na Baba anapokea. Siku asipokuwepo wachezaji walikuwa wanalalamika eti gemu imepoa.

Yaliyofuata unayajua, maana ulikuwemo. Akauandika ule wimbo kwa chaki kwenye ubao wa kwaya, do re mi zote, sauti nne kamili, akautia maneno: "Washa taa, mwanangu, njia imekwisha, nimetembea mchana kutwa, nimefika mlangoni." Mwaka ule tulipoambiwa sisi siyo watu wa mkoa wa Arusha tena, ni wa Manyara, na kwaya zikaitwa Babati, tukaenda tukauimba mbele za watu. Sisi vijana wa sauti ya tatu hatukuthubutu kuangaliana. Mmoja angecheka, tungekwisha wote. Kina mama wa Hanang wakalia. Mchungaji akamshika Baba mkono, akamsifu kwa kutunga, Baba akajibu, "Si wangu, mchungaji. Nimeukuta kibarazani." Wote wakaona ni unyenyekevu. Masikini, alikuwa anasema ukweli mtupu.

Sasa nije kwenye ya huku. Mlango niliokuwa nalinda kwenye jengo la maduka unatazamana na duka la gemu. Miezi michache iliyopita wakaweka televisheni kubwa dirishani, na asubuhi nilipoingia kazini nikasikia umati wa watu wanaimba ule wimbo. Wazo la kwanza kabisa lilikuwa, nani ameileta kwaya ya Nambis huku? La pili nikakasirika, nikasema wamemwibia Baba. Nikasogea kwenye kioo nikiwa tayari kugombana na mtu, na nani namwona? Mzee wa Taa. Ana mikunjo usoni, ndevu zinapeperushwa na upepo, taa yake inamulika mpaka majani. Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu, wateja wakanipisha njia.

Duka lile anauza msichana wa Kifilipino, jina lake Jona. Mchangamfu, na gemu hizo anazijua kama wewe unavyozijua nyimbo za Pasaka. Akaniambia Mzee wa Taa hakuishia pale tulipomwacha sisi. Mashine ya Mzee Ramadhani ilipokufa tulidhani na mzee naye amekwisha, kumbe wenzetu wameendelea kumtengeneza miaka yote hii, moja baada ya nyingine, na kila mara wimbo wa kibandani unabadilishwa. Nikamwomba anisikilizishe. Saa yangu ya mapumziko, duka likiwa halina watu, akanipigia kwa mpangilio wa kutoka kwake, kuanzia ya pili.

Ya pili waliiongezea ngoma, na mzee wa humo anakimbia, kwa hiyo na wimbo unakimbia. Kwangu haukufaa, mtu hakimbii akishafika kwake. Ya tatu ilikuja kwenye diski, wakatumia vyombo vya kweli, gitaa na filimbi, na mwanamke anaimba bila maneno. Hiyo nilimwambia Jona airudie. Iliyofuata waliharibu kabisa. Kibanda hakipo, wimbo wameukatakata, unasikia vipande viwili vitatu taa inapotaka kuzimika, basi. Jona anasema watu walilalamika sana. Na hii mpya ndiyo yenye umati na vinanda na matarumbeta, na huusikii mzima mpaka mwisho kabisa, mzee anapofika na mwanawe anamfungulia mlango. Jona akasema wamebadilisha kila kitu, sura, mavazi, mpaka majoka, lakini huo wimbo hawathubutu kuutupa.

Ya kwanza alinipigia mwisho, maana ilimpa taabu kuitafuta. Ile yetu. Na hapo ndipo nilipochanganyikiwa, dada, kwa sababu ilikuwa na nne.

Nikamwambia siyo hiyo. Akasema ndiyo hiyo, haijaguswa. Chini ya zile sauti mbili tunazozijua kuna nyingine nene inatembea taratibu, na pembeni kuna kitu kama ngoma. Vilikuwepo tangu siku ya kwanza. Nikampigia Hamisi kumuuliza, akacheka mpaka akakohoa. Akasema mashine yao ilikuwa ya bandia, imefika na ubovu wake, fundi aliifungua akakuta waya mmoja wa sauti haujachomelewa, Mzee Ramadhani akasema aache tu, inacheza. Yaani ile nne kukosekana, ilikosekana Mbulu peke yake, kwenye chumba kimoja. Na Baba akaijaza.

Nilifurahi sana siku ile. Nilitamani Baba angekuwa hai nimpigie simu nimwambie, "Baba, wenzake walikuwepo, ila walifungiwa nje." Angenijibu kwa utani wake, angesema yake ni bora.

Na yake ni tofauti, hapo ndipo pana shida. Nne yao siyo nne ya Baba. Ya kwao inatembeatembea, haitulii. Ya Baba ilikuwa inakaa, inasubiri, halafu pale kwenye "nimefika mlangoni" inafanya kitu fulani. Ile televisheni inarudia tangazo la gemu mpya, na wimbo wao ndani yake, kutwa nzima, ukiisha unaanza, na mimi nimesimama pale hatua chache, siruhusiwi hata kuziba masikio. Siku moja nafua sare yangu, naimba ya Baba kama kawaida, nikafika kwenye "mlangoni" nikapanda. Nikasimama. Baba hapandi pale. Nikarudia, nikapanda tena. Nikajaribu kushuka, sikujua nashukia wapi, kama ni do au ni so ya chini kabisa. Imeondoka, dada. Ya kwao imekaa mahali pake.

Nilikaa kwenye ndoo nikalia, sikufichi. Siku uliponipigia kuniambia Baba amefariki sikulia hivyo. Pasi yangu ya kusafiria ilikuwa ofisini kwa kampuni, ruhusa hakuna, nilikuwa na hasira na kila mtu na hasira ikanisaidia kusimama. Mlimzika mimi nikiwa mlangoni kwa watu nawafungulia wanaokuja kununua viatu. Lakini safari hii sikuwa na wa kumkasirikia. Sura yake ninayo kwenye picha. Sauti yake sina popote isipokuwa kwenye ile nne, na nilikuwa naisahau huku nimesimama nalipwa.

Kesho yake nikamwomba supavaiza anihamishie kwenye geti la magari, nje. Akaniuliza kama naumwa. Kule ni juani, vumbi na moshi, watu wanatoa sababu za kila aina ili waondolewe, na mimi naacha kiyoyozi naomba kupelekwa. Nikamwambia ubaridi unaniumiza kifua. Mganda mmoja ninayelala naye chumba kimoja anasema nimerogwa. Ningemweleza nini? Jona aliniuliza kama nimemkosea au amenikosea, nikamwambia tu nitakuja kumsalimia. Sijaenda bado. Naogopa ule wimbo, ni mzuri mno.

Sasa niko getini. Nanyanyua chuma gari lipite, nakishusha. Hapa hakuna muziki, na nimeanza kuipata ya Baba kidogo kidogo. "Washa taa, mwanangu" ninayo yote. "Njia imekwisha" ninayo. "Nimetembea mchana kutwa" naisikia kabisa, na ile pumzi anayoivuta katikati. Nikifika mlangoni, kimya.

Ndiyo maana nimekuandikia. Barua yako ya mwisho uliniambia mwalimu mpya wa kwaya ameleta kinanda, na vijana wamefurahi, na siku ya mazishi mliimba "ule wimbo wake". Sijalala vizuri tangu hapo. Nani aliimba nne, dada? Au ilipigwa na kinanda? Simlaumu mwalimu, hata hao wa gemu wamebadilisha na mimi mwenyewe nimesikiliza nikafurahi. Wabadilishe. Waweke na ngoma wakitaka. Ila kama nne imeshachukuliwa na kinanda kwenu, na huku imechukuliwa na matarumbeta, basi haipo tena duniani, maana ile safari tuliyopanga ya kwenda Arusha kurekodi wimbo hatukwenda. Mwaka mmoja mvua ilikata barabara, mwaka uliofuata Baba akaanza kile kikohozi.

Umebaki wewe. Najua utasema wewe ni sauti ya pili, yakuhusu nini. Lakini ulikuwa unasimama mbele yake miaka yote ile, sauti yake inakupiga kisogoni. Ulikuwa unamlalamikia Mama eti Baba anakuziba masikio. Sasa hayo masikio ndiyo ninayoyategemea.

Fanya hivi. Siyo kanisani, kwenye kinanda usikaribie kabisa. Funua cherehani chake hapo ndani, kaa kwenye kiti chake, ondoa uzi, kanyaga pedali taratibu kama alivyokuwa anakanyaga. Mguu ukishakwenda sawa, Hamisi awashe kile kimashine, na wewe uimbe nne. Imba kwa sauti yako, hata ikiwa juu, nitaishusha mwenyewe. Kwenye simu sitaki, nimeshajaribu na watu wengine, simu inakula sauti nene zote inabakiza nyembamba.

Mama nisalimie sana, shikamoo yake nimeitanguliza na kile kitenge cha bluu kwenye mfuko wa Hamisi ni chake. Shemeji mwambie simu ya tochi aliyoniagiza naitafuta bado. Mzee Ramadhani nisalimie ukienda mjini, umpe shikamoo, umwambie mashine yake ilikuwa mbovu na Mungu ambariki kwa kutoitengeneza. Wanakwaya wenzangu wa sauti ya tatu wote, na mwalimu mpya pia, bila kinyongo. Wapwa zangu wabusu, na ukienda kaburini mwambie Baba niko getini.

La mwisho, dada. Usiimbe ya kwanza kunisaidia, ya kwanza ninayo, inapigwa mji huu kila siku. Niimbie nne peke yake mpaka mlangoni. Na ukifika pale ukakuta na wewe huna, usinitungie. Usiweke chochote. Endelea tu kukanyaga pedali mpaka wimbo uishe, mimi nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Emanueli